Kuuliza Kuhusu Ukatili wa Majumbani Katika Idara ya Dharura

Utafiti wa Afya na Demografia wa Tanzania wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 40 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Baadhi yao hupita idara ya dharura, huandikwa kuwa "ameanguka bafuni", hushonwa na kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Hata hivyo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 haupendekezi kila mwanamke anayefika hospitali aulizwe kuhusu ukatili, kwa sababu kufanya hivyo huongeza idadi ya wanaotambuliwa bila kuthibitika kwamba hupunguza ukatili wenyewe. Mhudumu anatakiwa kuuliza anapoona dalili, akiwa na faragha, mafunzo na mahali pa kumpeleka mgonjwa. Kwa maoni yangu msimamo huo unazifaa hospitali zetu, ambako mara nyingi kinachotenga kitanda na kitanda ni pazia tu.

Dalili ni kama michubuko ya umri tofauti, maelezo yasiyolingana na jeraha, au mume anayejibu kila swali kwa niaba ya mkewe. Inayopitwa mno bila kutambuliwa ni ya kukabwa koo: shingo yaweza isiwe na alama yoyote, lakini sauti imekwaruza, kumeza kunauma, na machoni kuna vidoa vyekundu. Mgonjwa huyo aangaliwe kwa karibu, kwani hali yake inaweza kubadilika baadaye, na aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa naye.

Swali liulizwe akiwa peke yake, bila wifi wala mtoto kutafsiri: "Mama, majeraha kama haya tunayaona pia kwa watu waliopigwa na mtu wa karibu. Je, kuna aliyekuumiza?" Akikana, asibanwe. Akikubali, aelezwe kuhusu PF3 (fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha), Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na Kituo cha Mkono kwa Mkono (kinachotoa huduma za matibabu, polisi na sheria mahali pamoja) kama kipo. Akiwa amebakwa, dawa za kukinga VVU zianze ndani ya saa 72. Maelezo yake yabaki kwenye faili la hospitali, si kwenye daftari analorudi nalo nyumbani, ambalo mume anaweza kulisoma.