Umbo la kati si baitikodi

Kwenye mafunzo na mikutano ya watengenezaji programu, Kisumu hadi Nakuru, "umbo la kati" limegeuka jina la chochote kilicho chini ya msimbo ulioandikwa kwa mkono. Faili ya .class, yaani programu ya Java iliyokwisha kutafsiriwa kwa ajili ya mashine, inaitwa hivyo, orodha ya amri inayotolewa na javap, zana ya kuisoma faili hiyo, pia, hata msimbo wa Java uliorudishwa kutoka kwenye APK, faili ya programu ya Android. Lakini umbo la kati la pamoja ni namna moja ya kuiandika programu upya, yenye amri chache na maana iliyokubaliwa, ili zana nyingi za uchambuzi ziitumie badala ya kila moja kuhangaika kivyake na baitikodi, yaani amri fupi zilizomo ndani ya faili hizo.

Kinachochanganya ni neno "kati". Kati ya nini na nini? Baitikodi iko kati ya msimbo na mashine, nayo imeundwa iendeshwe na ichukue nafasi ndogo. Imeitwa hivyo kwa kuwa alama ya amri hutoshea baiti moja, basi haziwezi kuzidi 256. Za Java ni 200 na kidogo. Umbo la uchambuzi liko kati ya baitikodi na zana. Hili limeundwa lichunguzwe.

Chukua kujumlisha namba mbili. Kwenye mashine ya Java ni baiti nne, kwa heksadesimali 1b 1c 60 3e: weka kigeu (nafasi ya kuhifadhi thamani) cha 1 kwenye steki, rundo la muda ambalo amri huchukulia thamani juu yake, weka cha 2, jumlisha viwili vya juu, hifadhi jibu nafasi ya 3. Kwenye Dalvik, baitikodi ya Android, pia ni baiti nne, 90 00 01 02, ila hiyo ni amri moja na steki haipo: nafasi iitwayo v0 ipokee jumla ya v1 na v2. Kwenye Jimple, umbo la kati la Soot, zana iliyoanzia Chuo Kikuu cha McGill huko Kanada, zote mbili huwa mstari wa namna ya c = a + b. Jina hilo ni Java likiunganishwa na neno la Kiingereza la "rahisi", na urahisi wenyewe unahesabika: aina 15 tu za sentensi.

Kazi ngumu ni kufika hapo. Baiti 12 00 za Dalvik huweka sifuri kwenye v0, lakini sifuri hiyo yaweza kuwa namba, "si kweli" au null, yaani "hakuna kitu". Kigeuzi, zana inayotoa Jimple kutoka kwenye baitikodi, lazima kifuatilie v0 inatumika wapi. Kikikosea, uchambuzi wa uvujaji wa data unaweza kupoteza njia palepale. Nafasi ya 3 ya Java nayo yaweza kubeba namba, kisha baadaye maandishi, na inabidi igawanywe iwe vigeu viwili. Javap haifanyi lolote kati ya hayo.

Wala "la pamoja" si faili ya JSON, maandishi ya kubadilishana data, ambayo kila mtu anaweza kuifungua. Mahindi katika soko la Kibuye, Kisumu, hupimwa kwa gorogoro, mkebe wa kupimia, na watu wakaelewana kwa sababu ujazo ni mmoja. Kitako kikibonyezwa ndani, jina linabaki ila kipimo kimepotea. Zana mbili zikisoma faili ileile, moja ikihesabu kwamba kugawanya kwa sifuri hurusha hitilafu na nyingine isihesabu, hazina umbo la pamoja.

Kwa hiyo ukifungua .class kwa javap, sema umesoma baitikodi. Kwa Jimple, umbo la kati huanza steki ikishaondolewa na kila kigeu kikapewa aina yake.