Je, Wajua kwa Nini Wanaofanya Kazi Mtandaoni Hukimbilia Pwani Zenye Jua?

Ingia mkahawa wowote wa Arusha wenye intaneti ya kueleweka, iwe Njiro au Sakina, hukosi kumkuta mgeni mmoja aliyeinamia kompyuta tangu asubuhi. Si mtalii, maana hana haraka ya kwenda Ngorongoro. Mwajiri wake yuko Berlin au Amsterdam, mshahara unaingia benki ya kwao, na yeye anaagiza kahawa ya pili. Vyombo vya habari vimewapa jina: wahamaji wa kidijitali. Sasa muulize akitoka hapa anaelekea wapi. Paje ya Zanzibar, atakwambia, au Lisbon ya Ureno, au Málaga ya Hispania, au Bali ya Indonesia. Mlima Meru ameusifia, parachichi amezila, lakini anapotafuta pa kukaa mwaka mzima, anatazama baharini. Kwa nini?

Jibu la haraka ni kwamba wazungu wanapenda jua. Ni kweli, ila sisi huku tunaisikia sentensi hiyo vibaya, kana kwamba ni suala la kuchoma ngozi ufukweni. Arusha iko kama nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Mchana wetu ni wa saa kumi na mbili, Januari hadi Desemba, tofauti ni dakika chache. Baridi yetu ya Juni na Julai, ile inayofanya watu wa Moshi watucheke, inatokana na mwinuko wa mita 1,400 hivi na mawingu yanayogoma kuondoka. Giza hatulijui. London mwezi Desemba jua huchomoza kama saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Aliyeajiriwa ofisini anatoka nyumbani gizani na kurudi gizani, wiki baada ya wiki. Stockholm ni zaidi ya hapo.

Mwili wa binadamu hupanga saa zake kwa mwanga unaoingia machoni, hasa wa asubuhi. Mwanga huo ndio unaoambia ubongo uache kutoa homoni ya usingizi iitwayo melatonini. Ukikosekana, mtu huamka mzito, hulala sana, hula sana, na wengine hushikwa na huzuni inayokuja na majira na kuondoka nayo. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani waliieleza hali hiyo kitaalamu, na tangu hapo inatibiwa, mara nyingi kwa kumkalisha mgonjwa mbele ya taa kali asubuhi. Mtu ambaye kazi yake inabebeka ndani ya begi anaweza kuiacha taa na kulifuata jua lenyewe. Lisbon hupata jua takriban saa 2,800 kwa mwaka. London ni kama saa 1,600.

Lakini jua lipo hata jangwani, na hakuna anayepanga Sahara. Bahari inaongeza kitu kingine: inalainisha hali ya hewa. Kilo moja ya maji huhitaji joto mara nne hivi au tano zaidi ya kilo ya udongo mkavu ili kupanda nyuzi moja, na maji yanachanganyika hadi chini wakati udongo unapata moto juu tu. Kwa hiyo bahari huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa. Kiangazi inapuliza upepo wa nafuu mchana, na wakati wa baridi inarudisha taratibu joto ililohifadhi. Málaga, mchana wa Januari hufika nyuzi 16 au 17, wakati Madrid, nchi ileile lakini bara na juu kwenye uwanda, usiku wake unakaribia kuganda.

Hata hivyo, kwa maoni yangu sababu nzito kuliko zote haisemwi sana, nayo ni kitanda. Kodi ya nyumba Arusha mnaijua. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Dalali anachukua ya kwake, kodi ya mwezi mmoja. Ukishalipa, unakabidhiwa kuta tupu: kitanda, jiko, friji, mapazia, vyote juu yako, na umeme ununue. Mgeni anayetaka miezi mitatu tu aanzie wapi? Mwambao wa kusini wa Ureno na Hispania ulijengwa kwa ajili ya watu wasiokaa. Uwanja wa ndege wa Faro, kusini mwa Ureno, ulifunguliwa mwaka 1965, na miaka hiyohiyo maghorofa ya wageni yalikuwa yanaota Torremolinos, jirani na Málaga. Hadi leo nyumba huko zina masufuria, mashuka na intaneti tayari. Mtu anaingia na begi lake Jumapili na Jumatatu yuko kazini. Muuza duka, daktari wa meno na fundi bomba wameshazoea kuhudumia mtu asiyejua lugha yao. Tena kiangazi ndicho msimu wao. Ifikapo Novemba nyumba nyingi ziko wazi na mwenye nyumba anapunguza bei kuliko kukosa kabisa. Wakati huohuo giza linaingia kaskazini. Mahitaji mawili yamekutana.

Wengine waligundua hili wakalipangia mkakati. Februari 2021, korona ikiwa bado imefunga ofisi, kijiji cha Ponta do Sol katika kisiwa cha Madeira, Ureno, kilifungua kituo chake cha utamaduni kiwe mahali pa kufanyia kazi bure, meza na intaneti vikiwemo. Barbados ilikuwa imetangulia Julai 2020 kwa kibali cha kuishi huko miezi 12 ukifanya kazi ya nje, kwa anayetarajia kuingiza angalau dola 50,000 kwa mwaka. Kroatia ilifuata Januari 2021, na haitozi kodi ya mapato kwenye mshahara huo unaotoka nje. Ureno ikaja Oktoba 2022, Hispania mwanzoni mwa 2023. Mwanzoni utalii ulikuwa umekufa, na serikali hizi zilitaka mgeni anayekaa mwaka na kununua samaki sokoni kila wiki, bila kugombea ajira na wenyeji.

Saa za kazi nazo zina neno. Ureno inafuata saa za Uingereza. Barbados inalingana na New York kiangazi chote. Bali inafuata saa zilezile za Perth ya Australia. Ukiangalia ramani utaona karibu kila kundi la waajiri lina ufukwe wake kwenye mstari wake wa saa, na hapo ndipo watu wake wanapojaa. Kwa hilo Arusha haina tatizo na Ulaya: tuko mbele ya Berlin kwa saa mbili wakati wa baridi yao, saa moja kiangazi. Anayefanyia kazi New York ndiye anayeumia. Saa za ofisi za kule, wakati wa baridi, zinaanza kwetu saa kumi na moja jioni na kuisha saa saba usiku.

Intaneti yetu si mbaya kama tunavyoilaumu, ingawa Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zilipokatika upande wa kusini mwa Afrika, kila mtu Arusha alijua siku hiyo kwamba mtandao wake unapita baharini. Kinachomwondoa mgeni wetu Arusha, na hata Paje, ni karatasi: viza ya utalii ya Tanzania ina siku 90, tena ni ya kutembea, si ya kufanya kazi.

Halafu kuna upande usiopendeza. Hesabu yote inasimama kwa sababu mgeni analipwa kwa bei za kwao na kutumia kwa bei za wenyeji. Mwaka 2025 kibali cha Ureno kilidai kipato mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa huko, yaani euro 3,480 kwa mwezi. Ina maana mgeni maskini kuliko wote wa kundi hilo anamzidi mhudumu wa mkahawa anayelipwa kima cha chini mara nne pale wanapogombea chumba kimoja. Aprili 2024 maelfu ya watu waliandamana Visiwa vya Canary, Hispania, kupinga utalii uliopita kiasi, na kodi za nyumba zilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa. Ni kweli wahamaji hawa ni sehemu tu ya tatizo, maana nyumba zilizogeuzwa za watalii wa siku tatu ni nyingi zaidi, lakini mwenye kutafuta chumba hana sababu ya kuwatenganisha.

Na kijana wa Sakina au Soweto, Moshi, anayeandika programu kwa ajili ya kampuni ya Ulaya, mbona yeye haendi Lisbon? Euro 3,480 ni zaidi ya shilingi milioni tisa kila mwezi, na wachache wanafika hapo. Anayefika naye ana hesabu nyingine. Tofauti ya bei ambayo Mjerumani anaivukia bahari kuitafuta, yeye anaipata akiwa kwao. Akihamia Ureno anaipoteza. Mwanga anao mwaka mzima bila kulipia. Bahari ataiona Tanga au Bagamoyo kwa wiki moja, na hata hiyo wiki haitakuwa Desemba, maana Desemba Wachaga wa Dar es Salaam wanafunga milango, wanaiacha pwani na joto lake, na mabasi yote yanapanda Moshi.