Maktaba ya Form Wani na Form Tu: shida yenu inaanzia kwenye saa, sio kwenye vitabu

Mi ni mkutubi kwenye sekondari moja ya kutwa, ukutubi nilisomea Bagamoyo pale SLADS, chuo cha ukutubi, na kila nikikutana na walimu wa shule nyingine swali ni lile lile, "madam, vitabu tupate wapi?" Nami nawauliza maktaba yenu inafunguliwa saa ngapi. Hapo sasa wanaanza kutazamana.

Hebu fuata siku ya mwanafunzi wa kutwa. Saa moja na nusu yuko paredi, baada ya hapo ni vipindi vya dakika 40 mfululizo mpaka mapumziko ya saa nne, anarudi darasani mpaka saa nane na kitu, halafu usafi, halafu anatembea kwenda kwao na wengine ni mwendo wa saa nzima. Kwahiyo huyu mtoto ana nusu saa ya mapumziko na kale kamuda ka baada ya vipindi, basi. Na muda huo huo ndo mwenye funguo za maktaba, ambaye kwa kawaida ni mwalimu wa somo fulani aliyebebeshwa maktaba juu ya mzigo wake, yuko staff anakunywa chai au kashaondoka. Maktaba inakuwa wazi wakati wanafunzi wote wako darasani, afu mwisho wa mwaka tunaandika kwenye ripoti kwamba wanafunzi hawana mwamko wa kusoma. Jamani.

Mi nilichofanya ni kugeuza tu. Chai yangu nakunywa saa tatu na nusu peke yangu, saa nne mlango uko wazi, na mchana nakaa mpaka saa kumi. Sikuongezewa kitabu hata kimoja mwaka ule na watoto walianza kujaa mpaka wengine wanakaa chini, chumba chenyewe ni nusu ya darasa, benchi nne. Nilikuwa peke yangu na umati ule kwenye nusu saa, nikaona siwezi, nikachukua Form Tu wanane nikawafundisha kuazimisha na kurudisha vitabu kwenye rafu, wawili kwa siku. Nikachagua na watundu makusudi, manake wale wapole wanaogopa kumwambia Form Foo "kaka rudisha kitabu kwanza".

Sa tuje kwenye vitabu vyenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo penye kazi.

Hawa madogo wa Form Wani wana miaka 13, 14, wengi wametoka msingi za serikali ambako wamesoma kila kitu kwa Kiswahili, hesabu, sayansi, jiografia, kila kitu. Januari wanavaa sare mpya wanaingia darasani wanakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe na siku hizi Historia ya Tanzania na Maadili. Kuna zile wiki za mwanzo za orientesheni, za kuwazoesha Kiingereza, zinasaidia, lakini wiki chache haziwezi kumpa mtu lugha. Halafu unampa huyo huyo mtoto kitabu cha Biology cha kurasa mia mbili na zaidi unamwambia kasome. Anakifungua, anaangalia picha, anakifunga. Ukimuona anapekua pekua haraka haraka hivyo ujue hasomi, anatafuta mahali pa kushika.

Kwahiyo kitu cha kwanza nilichotafuta havikuwa vitabu vya sekondari. Nilienda shule ya msingi jirani nikaomba vitabu vya sayansi na vya maarifa ya jamii vya darasa la tano mpaka la saba, vile vilivyochakaa ambavyo wao walikuwa wamevirundika stoo, tukaandikishana na mwalimu mkuu kwamba tumeazimwa. Nikaviweka rafu moja na vya Form Wani, mada kwa mada. Watoto wanaiita rafu ya mapacha. Siku moja kaja dogo analalamika haelewi fotosinthesisi, kaikariri tahajia yake tu, nikamfungulia kitabu cha msingi kwenye usanisinuru nikamwambia soma hapa kwanza. Kasoma kama dakika tano hivi, kanyanyua kichwa, "Madam, si ndo hii hii tulisoma msingi?" Ndo hii hii. Mmea haujabadilika, jina ndo limebadilika, ila hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kuna walimu wenzangu hawakupenda, walisema nawarudisha nyuma, kwamba watoto wazamishwe kwenye Kiingereza watazoea. Nawaheshimu lakini sikubaliani nao. Mtu haogelei kwa kuzamishwa, we mtoto wa bahari gani hujui hilo! Na Kiingereza chenyewe hawakijui kwa kukaa mbele ya kitabu kigumu, wanakijua kwa vile vihadithi vyembamba vya kurasa 16 au 24 vyenye sentensi fupi na picha, vile ambavyo mtu wa Form Wani anaona aibu kubeba kwasababu vinaonekana vya watoto wadogo. Dawa yake nimevitolea majalada nikavifunika vyote kwa karatasi ya kaki, kwa nje havitofautiani na kitabu kingine chochote. Aibu imeisha. Sasa hivi ndo vinavyoazimwa kuliko chochote, ukitoa kamusi.

Kamusi! Kamusi za Kiingereza na Kiswahili haziazimwi nje kabisa na bado zinatoroka, nimezifunga kamba ya katani kwenye mguu wa meza kama mbuzi. Kama shule yenu ina hela ya kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya hizi Form mbili za chini, nunueni kamusi, hata kabla ya vitabu vya kiada, kwasababu vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu vinaletwa shuleni na vilevile vipo bure kwenye maktaba mtandao yao, mwalimu anaweza kuvifungua kwenye simu yake. Kamusi hakuna anayekuletea.

Upangaji nao una mambo yake. Chuoni tumefundishwa Dewey, ule mfumo wa namba uliotoka mwaka 1876, unagawa maarifa yote mafungu kumi, 500 ni sayansi, 800 fasihi, 900 historia na jiografia. Ni mfumo mzuri na mi bado naandika namba kwenye daftari la kumbukumbu, lakini Dewey aliyeutunga alikuwa Mmarekani na anapanga dunia akiwa kasimama kwao. Fasihi ya Kiingereza ina namba fupi safi, 820. Fasihi ya Kiswahili yote, tenzi, tamthilia, riwaya za bara na pwani, imebanwa 896.392, sasa kaibandike namba hiyo kwenye mgongo wa kitabu chembamba kama kidole uone kama itasomeka. Kwahiyo kwenye rafu natumia tepu za rangi za mafundi umeme. Kijani hadithi, nyekundu sayansi, njano historia na jiografia, bluu lugha, nyeusi ni za humu humu ndani hazitoki. Yule dogo hahitaji kujua desimali kurudisha kitabu mahali pake. Akifika Form Tatu namfundisha namba, na kwenye historia naanzia 967.8 kwasababu hiyo ni Tanzania, mtu akijua nyumbani kwake ni wapi kwingine atapatafuta.

Programu zetu hazina majina makubwa. Jumanne na Alhamisi mchana kuna dakika 20 za kusoma kwa sauti, mmoja anasoma wengine wanasikiliza, nusu ya wiki ni Kiswahili nusu Kiingereza, na sharti ni moja, hakuna kucheka mtu akikosea kutamka. Mwanzoni nilifanya kosa, nilikuwa nasahihisha kila neno, wakapungua mpaka wakabaki wasichana watatu. Nilipoacha walirudi. Nyingine ni ile ya morning speech, kila mtu atakayesimama paredi kesho yake lazima leo apite kwangu atafute jambo moja la kweli la kusema, umbali, mwaka, jina la mto, chochote kilichomo kwenye kitabu, la sivyo tunasikia "education is the key of life" mpaka Novemba. Na Novemba yenyewe kuna mtihani wa taifa wa Form Tu, kwahiyo kuanzia Septemba Form Tu wana meza yao na mitihani ya nyuma nimeitoboa nikaifunga uzi kwa somo. Hilo linajieleza.

Kompyuta tunayo moja, intaneti hatuna, na wanafunzi simu haziruhusiwi. Nikaweka Kiwix, ni programu ya bure inayofungua Wikipedia bila mtandao, unashusha faili mara moja sehemu yenye mtandao mzuri unakuja nalo. Ya Kiswahili inaingia kwenye fleshi ya kawaida. Ya Kiingereza yote na picha zake inafika karibu GB 100 kwahiyo sikuhangaika nayo, kuna toleo dogo lisilo na picha, kwa matumizi yetu linatosha. Kila mtu dakika kumi, Form Tu mmoja kashika saa ya ukutani mkononi kama refa.

Msaada wa vitabu kutoka nje, hili nitaumiza watu. Yakija maboksi shukuruni, pigeni picha, halafu pekueni kila kitabu kabla hakijapanda rafuni. Nimeshapokea boksi zima la miongozo ya kodi za mapato za nchi ya watu, nimepokea kitabu cha kujifunza Windows 95. Hivyo vikikaa rafuni mtoto anaona maktaba imejaa na hakuna cha kusoma, ni mbaya kuliko rafu tupu. Kupalilia, yaani kutoa vitabu visivyofaa rafuni, ni sehemu ya kazi. Ila angalizo, vile vyenye muhuri wa serikali havitupwi hivi hivi hata vikiwa vimeliwa nusu, vina utaratibu wake wa kufutwa, usije ukachoma kitu mkaguzi akakuulizia.

Na mchwa. Miguu ya rafu ipakeni oili chafu, rafu msizigusishe ukuta, acheni upenyo mkono upite, na boksi lisikae sakafuni hata usiku mmoja. Nasema usiku mmoja kwasababu najua.

Kuazimisha ni kaunta buku moja, tarehe, jina, kidato, kitabu, siku ya kurudisha, sahihi. Siku saba. Faini nilifuta, manake nilikuwa natoza mia mbili na matokeo yake mtoto akichelewa harudi tena, anakwepa hata dirisha la maktaba, kitabu nimekosa na mia mbili nimekosa. Sasa ukichelewa unakaa na gundi nyeupe na uzi unashona vitabu vitano vilivyochanika, na kuna wanaochelewa makusudi wakae kushona wanapiga stori.

Likizo ya Juni watu waliniambia usithubutu kuwapa vitabu vikaenda majumbani. Niliwapa, kimoja kimoja, mzazi anasaini karatasi. Vingi vilirudi wiki ya kwanza, vichache vilirudi vina mafuta ya taa au kurasa zimelowa, na kimoja kiliingia wiki mbili nzima hakijaonekana, ufugaji wa kuku, 636.5. Nikamuita yule binti nikiwa nimejiandaa kusikia kimepotea. Akasema hakijapotea madam, mama bado anakisoma, kafika kwenye ugonjwa wa kideri na amesema nikuombe umuongeze siku kwasababu kuku wameanza kuzubaa. Nikaongeza siku 14, nikaandika kwenye kaunta buku, pale kwenye safu ya jina nikaandika la mama.