Aliyekugonga Amekimbia: Nani Atakulipa?

"Wakili, namba sikuiona. Basi sina kesi." Maneno hayo nayasikia mara kwa mara, na anayeyasema aghalabu ana mguu kwenye plasta na ameshakata tamaa. Kabla ya kujibu huwa nauliza: gari halijulikani kabisa, au gari linajulikana ila dereva ndiye aliyetoroka? Kwa aliyelala wodini ni yaleyale. Kwenye madai ni njia mbili, na ukishika isiyo yako utazungushwa mpaka muda wa kudai uishe.

Tuanze na gari la wizi. Mwizi amekugonga, ameliacha gari mlango wazi, ametimka. Lakini gari lipo, namba ipo, na bima yake huenda bado iko hai. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa mwenye gari hakumruhusu mwizi kuendesha, kampuni ya bima haihusiki. Si hivyo kila mahali. Uingereza, kifungu cha 151 cha sheria ya barabarani ya 1988 kinaweza kuilazimisha bima ilipe hukumu aliyoshinda majeruhi, hata kama aliyeshika usukani alikuwa mwizi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaiachia kila nchi iamue: ilipe bima ya gari lililoibwa, au ulipe mfuko wa fidia, yaani mfuko maalumu wa kuwalipa walioumizwa barabarani pale bima isipolipa. Hispania imechagua mfuko. Kwa hiyo usiache kuandika namba ya gari eti kwa sababu umesikia ni la wizi. Namba hiyo ndiyo itakayoonyesha mlango wa kubisha.

Abiria wa gari hilo ana swali lake. Aliyepanda kwa hiari huku akijua gari limeibwa anaweza kunyimwa fidia. Ila Ulaya, kuthibitisha kwamba alijua ni kazi ya bima. Kijana aliyepewa lifti na rafiki hawajibiki kuthibitisha kwamba hakujua. Nimeona barua za kukataa madai zilizoandikwa kana kwamba mambo ni kinyume chake, na watu wakazikubali.

Kibao cha namba kikiwa bandia na gari lisipatikane, tunahamia njia ya pili: gari lisilojulikana. Hapa hakuna wa kumshtaki, na ndiyo maana nchi kadhaa zilianzisha mifuko. Ufaransa iliuanzisha wake 1951. Uingereza ina Motor Insurers' Bureau, chombo cha kampuni za bima za magari, tangu 1946, na makubaliano ya kwanza ya kuwalipa waliogongwa na dereva asiyejulikana yalikuja 1969. India hulipa kiasi maalumu: tangu 2022 ni rupia 200,000 kwa kifo na 50,000 kwa majeraha makubwa. Kwingine hesabu hufuata majeraha yenyewe na kipato kilichopotea. Angalia pia muda: Afrika Kusini, dai dhidi ya gari linalojulikana lina miaka 3, la gari lisilojulikana lina 2. Aliyekimbia amekunyang'anya na mwaka mmoja juu yake.

Sasa jambo linalowaangusha wengi. Kwenye mifuko mingi, kuumia peke yake hakutoshi. Mfuko unasimama mahali pa dereva aliyekimbia, kwa hiyo wewe bado unatakiwa kuonyesha kwamba dereva huyo ndiye aliyefanya uzembe, na hayupo wa kuulizwa. Kukimbia kwenyewe hakuthibitishi kosa. Ikiwa nawe ulivuka bila kutazama, fidia itapunguzwa kama ambavyo ingepunguzwa angekuwepo.

Ndiyo maana mteja wangu mmoja, mwendesha baiskeli, simsahau. Alikuja na mfuko wa nailoni, ndani yake kipande cha plastiki cha taa ya mbele, kikubwa kama kiganja. Mdogo wake alikiokota barabarani usiku uleule, akapiga picha kwanza mahali kilipolala, ndani kabisa ya upande wa baiskeli. Nyuma yake kilikuwa na namba ya kiwandani. Namba ile ilitupa aina ya gari, na picha ikasaidia kuonyesha kwamba gari lilihama upande wake. Dereva hakupatikana hadi leo. Dai lilisimama juu ya kipande kile, juu ya rangi iliyobaki kwenye fremu ya baiskeli, na juu ya video ya kamera ya duka la jirani. Video tuliiwahi kwa bahati: kamera nyingi hujifuta baada ya siku chache, na mwenye duka hana sababu ya kukutunzia kitu ambacho hukumwomba.

Polisi ripoti mapema, wewe au ndugu yako, na uchukue namba ya jalada. Mfuko utataka kuona kwamba juhudi za kumtafuta dereva zilifanyika. Hospitali nako, taja kila kinachouma siku ya kwanza. Bega lililoanza "kuuma" kwenye makaratasi baada ya wiki sita litazua maswali.

Kuhusu mali, usitarajie sana. Mifuko mingi husita kulipia bampa lililobondwa na gari lisilojulikana, na kusema kweli nawaelewa: yeyote aliyegonga nguzo yake mwenyewe angeweza kusingizia mzimu. Kama una bima kubwa, anzia huko. Ulaya, mlango wa mali hufunguka pale mfuko unapomlipa mtu aliyeumia vibaya katika ajali hiyohiyo. Uingereza, kulazwa usiku 2 hospitalini kunatosha kuhesabiwa hivyo. Baiskeli ya mteja wangu iliingia kwenye dai kwa njia ya namna hiyo. Alikuwa amelazwa siku 4, na risiti ya kuinunulia alikuwa bado anayo.