Nyuki Wagoma Tanga: kutunga kichwa cha habari cha vita ambavyo havikwenda hivyo

"NYUKI WAGOMA TANGA, WAINGEREZA WANYWA CHAI BOMANI."

Gazeti hilo halijawahi kuchapwa. Tarehe yake ya kubuni ni 6 Novemba 1914, na aliyelitunga ni mwanafunzi wangu. Nafundisha uandishi wa habari hapa Dodoma, baada ya kukaa miaka mingi katika chumba cha habari nikikatakata vichwa vya wenzangu. Kila muhula natoa zoezi hili: chukua vita vilivyopiganwa kweli, badilisha jambo moja tu, kisha andika ukurasa wa mbele wa siku inayofuata. Iwe kichekesho, lakini mtu anayejua historia asipate pa kukubana.

Sharti la "jambo moja tu" ndilo linalowaangusha wengi. Wakishapewa ruhusa ya kuzua, wanazua kila kitu: Kaisari wa Ujerumani anahamia Mpwapwa, Waingereza wanajisalimisha kwa wauza karanga wa stesheni. Mtu anacheka kidogo, halafu hana cha kushika.

Turudi kwa nyuki. Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikiwa imeanza, Waingereza walishusha Tanga askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi hii, alikuwa na kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Risasi zilichokoza mizinga ya nyuki, nyuki wakatoka na kumwuma kila aliyekuwa karibu, bila kuuliza ni wa upande gani. Waingereza wakarudi melini wakiacha nyuma bunduki na risasi nyingi, na tangu hapo nyuki wamebebeshwa sehemu kubwa ya lawama.

Mwanafunzi wangu aliwaondoa nyuki. Sawa. Lakini ukiwaondoa nyuki, Jenerali Aitken, kamanda wa Waingereza, bado yupo. Ni yule yule aliyeingia vitani bila kupeleleza mji vya kutosha, akiwadharau askari waliokuwa wakimsubiri. Hiyo chai ya bomani angeinywa vipi? Tulikaa na kile kichwa, tukakipunguza, tukafikia hiki: "NYUKI WAGOMA TANGA, AITKEN ASHINDWA PEKE YAKE." Sasa kinauma. Katika kazi hii kicheko hakitoki kwenye kile ulichokibadilisha. Kinatoka kwenye kile kilichokataa kubadilika.

Jambo la pili ni sauti. Gazeti linatoka kwa nani? Tanga yenyewe ilikuwa na *Kiongozi*, gazeti la Kiswahili lililochapwa kwenye shule ya serikali ya Wajerumani. Gazeti la namna hiyo halingeandika "Waingereza wachezea kichapo". Msamiati huo siku hizi umehamia kwenye kurasa za michezo, ambako Simba inaua, Yanga inachinja, na Jumatatu wote wako hai. Magazeti ya wakati wa vita huenda kinyume: mambo yanapokuwa mabaya, lugha inazidi kuwa na adabu. Jeshi halikimbii, linajipanga upya. Mji haukuachwa, ulionekana hauna umuhimu. Kwa hiyo mimi huwakatalia wanafunzi alama za mshangao na kuwataka wawe wapole kama karani wa boma. Uongo ukisemwa kwa upole huchekesha zaidi.

Kwetu huku katikati ya nchi mfano mzuri ni Kondoa. Jenerali Van Deventer na wapanda farasi wake wa Afrika Kusini, waliopigana upande wa Waingereza, waliingia Kondoa Irangi Aprili 1916. Mvua za masika zikakata njia ya chakula nyuma yake, farasi wakafa kwa maradhi na mbung'o, na Mei akapigania hapo hapo alipokwama. Dodoma hakufika mpaka mwishoni mwa Julai. Ni kilomita 160 hivi, ambazo leo basi linazimaliza kabla hujamaliza mahindi yako ya kuchoma.

Basi tuzuie mvua. Tuseme masika ya 1916 yalikatika mapema na jeshi likafika Mei. Binti mmoja darasani akaandika: "DODOMA YATEKWA, MKUU WA STESHENI AWATAKA WATEKAJI WAONYESHE TIKETI." Nilicheka sana. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914 tu, na urasimu wa Kijerumani ni kitu ambacho hata masika yakikatika hakikatiki.

Ila nikawauliza: Mei, Ugogo kuna nini shambani? Waliotoka Bahi na Chamwino walijibu haraka kuliko wengine. Mtama na uwele vinakaribia kuvunwa. Jeshi lenye njaa linalofika mapema linakuta mavuno yakiwa bado yamesimama. Ukiondoa mvua, njaa ya jeshi iko pale pale.

Hapo tunaingia kwenye mtunya, na hapo mzaha unataka ujuzi. Mtunya ndilo jina la njaa iliyoishika Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920. Wajerumani walichukua nafaka na ng'ombe, Waingereza wakaja nao wakachukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakosekana. Inakadiriwa walikufa watu 30,000 kati ya 150,000. Je, tunaruhusiwa kuchekesha hapo? Mtani msibani anaweza kuigiza kikohozi cha marehemu, watu wakacheka huku machozi yanawatoka, lakini hamtanii yatima kwa uyatima wake. Kwa hiyo kicheko lazima kimwelekee aliyekula, kisimguse aliyenyimwa. Kichwa kilichopita darasani kilikuwa hiki: "JESHI LAINGIA UGOGO, LAJA NA CHAKULA CHAKE." Hakuna hata neno moja la mzaha ndani yake. Ukikisoma harakaharaka utadhani ni habari ya kawaida, na ubaya wake wote umo humo.

Kuna vita vingine ambavyo ukijaribu kuvitania, historia inakupita. Novemba 1917 Wajerumani walirusha meli ya angani, yaani chombo kikubwa kinachoelea kwa gesi, iitwayo L59, kutoka Jamboli huko Bulgaria, impelekee Lettow-Vorbeck vifaa. Ilifika Sudan ikaamriwa igeuke, ikarudi Jamboli ikiwa imekwenda kilomita 6,800 hivi kwa saa 95 bila kutua. Mwanafunzi mmoja akaifikisha na kuandika: "MELI YA ANGANI YATUA, YAGEUZWA VIATU." Nikamwambia alama sifuri kwa ubunifu, kwa sababu huo ndio ulikuwa mpango wenyewe: ikishatua isirudi, kitambaa chake kishonwe mahema, ngozi ya njia ya ndani ishonwe viatu. Kitu pekee alichobadilisha ni kufika. Akakirekebisha kichwa: "MELI YA ANGANI YATUA, MPOKEAJI AHAMA." Hicho ni sahihi kabisa. Siku zile zile Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Nimalizie na Kagera, kwa kuwa wanafunzi wote huikimbilia. Wazee wao walikuwepo, na Idi Amin anaonekana rahisi kumtania. Kumbe ni mgumu, kwani nusu ya kazi aliimaliza mwenyewe. Baada ya Amin kuvamia Kagera mwaka 1978, Redio Uganda ilijigamba kuwa eneo lile limetekwa kwa dakika 25. Kisha Amin, bondia wa zamani, akapendekeza yeye na Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, mwamuzi awe Muhammad Ali. Mwalimu akajibu kwa jeshi, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Jambo la kubadilisha liko wazi: Mwalimu akubali. Vichwa vingi vilimpeleka ulingoni akiwa na kaptula, vikafia hapo. Kilichopata alama ya juu kilikumbuka kwamba mwenye kualikwa ana haki ya kuchagua mchezo, na kwamba Mwalimu alikuwa mpenzi mkubwa wa bao: "MWALIMU AKUBALI PAMBANO, ACHAGUA BAO." Chini yake, kwa herufi ndogo: "Redio Uganda yatangaza Amin ameshinda kwa dakika 25, kete bado hazijapangwa."