Kufuli la tovuti si hati ya uaminifu

Ramadhani ikikaribia, simu za watu wa Lamu hujaa viungo vya kuchangia futari na visima, na utasikia: "Toa tu, tovuti ina kufuli." Kufuli hilo, yaani ile alama ndogo kando ya anwani ya tovuti, linaonyesha tu kwamba data inasafiri kwa siri kati ya simu yako na tovuti. Nani yuko upande wa pili, halisemi. Cheti cha kidijitali kinacholeta kufuli hilo hupatikana bure kwa dakika chache, hata na tapeli.

Soma anwani herufi kwa herufi. Ukilipa kwa M-Pesa, tazama jina la mpokeaji kabla malipo hayajakamilika. "Taasisi" inayopokea kwa laini ya mtu binafsi, mimi siipi hata ndururu. Na kama ni kisima cha Faza, mpigie jamaa aliye huko. Atajua kama kuna anayechimba.