Msamiati mgumu wa Kiingereza: kujua maana si kulijua neno

"Ukishajua maana yake, neno ni lako."

Dhana hii huwaangusha hata wenye madaftari yaliyojaa maneno. Chukua "notorious". Ukiandika pembeni yake "maarufu" ukaishia hapo, ipo siku utamwandikia mfadhili kwamba mkurugenzi wenu ni "notorious", na utakuwa umemtukana bosi wako. Umaarufu wa neno hilo ni wa sifa mbaya: wa tapeli, wa jambazi, wa barabara inayoua watu.

Au "mitigate". Maana yake ni kupunguza makali, lakini bei ya sukari haipunguzwi kwa neno hilo. Huandamana na mabaya: "risk", "damage", "effects". Tena halitaki kihusishi (neno kama "against" au "on") baada yake: ni "mitigate the effects of drought". Anayesema "mitigate against" amelichanganya na "militate", yaani kuwa kikwazo, ambalo ndilo linalodai "against".

Kwa hiyo kadi ya neno isiwe neno mbele, tafsiri nyuma. Mbele andika sentensi yenye pengo: "Planting trees can m______ the effects of drought." Nyuma andika neno lenyewe, aina yake, maneno mawili matatu yanayofuatana nalo, na silabi yenye mkazo: MI-ti-geit. Pengo linakulazimisha ulichomoe neno kichwani. Tafsiri inakupima kulitambua tu, ndiyo maana ukikaa kuandika insha haliji.

"Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili inatosha."

Kwa kuanzia, sawa. Baada ya hapo tafuta kamusi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza. Ile ya Longman, iliyotoka 1978, ilifafanua maneno yake kwa msamiati wa msingi wa maneno yapata 2,000 tu, kwa hiyo ufafanuzi haukutumi kutafuta neno jingine gumu. Usiruke zile alama za herufi kando ya neno. U ni nomino isiyohesabika. Wanaoiruka ndio wanaoandika "equipments" na "advices", kwa sababu kichwani wana "vifaa" na "mawaidha", ambavyo kwetu ni wingi. T ni kitenzi kinachopokea yambwa (kitu kinachotendwa) bila kihusishi: "discuss the matter", "emphasize the point". Sisi hujadiliana kuhusu jambo na kusisitiza juu ya jambo, basi "discuss about" na "emphasize on" hutoka zenyewe.

"Vipande vya neno vitakupa maana."

Mara nyingi, ndiyo. Ila "invaluable" si kitu kisicho na thamani, ni kile ambacho thamani yake haikadiriki. Na "inflammable" hushika moto sawasawa na "flammable". Ukikosea hili mbele ya tanki la petroli, hasara yake si alama za mtihani.

"Kariri maneno 50 kila siku."

Piga hesabu. Neno linahitaji kurudiwa kesho yake, kisha baada ya siku 3, wiki, wiki mbili na mwezi. Ukiwa na maneno mapya 50 kwa siku, baada ya mwezi mmoja utakuwa na kadi 300 za kushughulikia kila siku: 50 mpya na 250 za marudio. Utaacha. Ukichukua 8, ni kadi 48, kazi ya nusu saa hivi. Kwamba tunasahau upesi pasipo kurudia, mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alilipima nchini Ujerumani na kulichapisha mwaka 1885.

"Neno refu ndilo Kiingereza kizuri."

"Utilize" haimzidi "use" kitu katika sentensi nyingi. Wa chuo aanze na orodha ya mtafiti wa lugha Averil Coxhead ya mwaka 2000: familia 570 za maneno (neno pamoja na minyambuliko yake) kama "derive" na "significant", ambazo hubeba takriban asilimia 10 ya maneno ya maandishi ya kitaaluma.

"Matamshi yatakuja yenyewe."

Kiswahili kwa kawaida huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi huuhamishia huko kila neno. Kiingereza huuhamisha hata ndani ya familia moja: PHO-tograph, pho-TO-grapher, photo-GRA-phic. "Determine" nayo huishia kwa sauti ya "min", mkazo ukiwa kwenye silabi ya kati. Ukiizoea "ditamaini", utaisikia redioni usijue ni neno lile lile uliloliandika kwenye kadi.